Bibi Niliyemuficha Chini ya Chandarua

Nichekeni, lakini mujue kwanza: hapa Kindu sina mutu. Ninauzisha tiketi za gari la moshi. Ndugu zangu wote wako Kasai. Nilicho nacho ni vigari vya mbio, mifano kamili ya vile vya katuni za Kijapani, hata milango inafunguka. Jioni ninavipangusa na kuvisemesha: "Wee mwekundu wangu, umechoka? Lala."

Jirani yangu, Mama Zaina, alisikia kupitia ukuta. Asubuhi akaniletea sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. "Utatuonyesha lini bibi yako, huyo muke unayemusemesha jioni?"

Nilitaka kukana. Lakini sombe ilikuwa moto, na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu hapa. Nikajibu, "Anaona haya." Tangu siku hiyo sombe ikaja ya watu wawili.

Jumapili wamama wa mutaa wakaingia na kuku na vigelegele, kumukaribisha bibi mugeni kama desturi. Nikasimama mbele ya kitanda kama mupumbavu. Mama Zaina akanisukuma, akafunua chandarua. Kigari chekundu kililala juu ya muto, kimefunikwa kwa leso yangu.

Vigelegele vikakatika.

"Baba," akauliza polepole, "sombe ile yote, ulikula peke yako?"