Wamemuua Baba Yangu Ili Nilipiwe Ada

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Nimekaa na hili jambo kifuani mpaka nimeanza kugombana na watu wasiohusika.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa pili chuoni hapa Dar, nasomea umeme. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo nimelelewa na baba peke yake. Baba ni fundi cherehani. Anashonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa Kariakoo, duka la Mchaga mmoja ambaye sote tunamwita Mangi. Sare zangu zote za shule alishona baba. Nywele pia alikuwa ananisuka yeye asubuhi, vibaya kweli, wenzangu wananicheka, na nilikuwa naenda hivyo hivyo kwa sababu niliona anavyohangaika.

Nilipochaguliwa kwenda chuo, ada haikuwepo na mkopo nikakosa. Ndipo nikapata ufadhili wa taasisi moja inayosomesha wanafunzi wasio na uwezo. Wanatulipia ada, na kila Jumamosi tunakutana ofisini kwao Mchafukoge kufundishwa uongozi: kusimama mbele za watu, kujiamini, kuwa mkweli. Mkweli! Sitaki kuwa mwizi wa fadhila, walinisaidia. Siku niliyopata ile nafasi baba alilia pale kibarazani mbele ya wateja.

Mwaka huu mratibu wetu, tunamwita Madam, akaniambia nimechaguliwa kurekodi video ya kuwaonyesha wafadhili. Wakanipeleka nyuma ya soko, wakanisimamisha karibu na lundo la takataka. Madam akasema nivue viatu, nivae ndala za mlinzi. Niliona ajabu, nikavaa. Nikahojiwa, nikasema ukweli wote: mama, baba, cherehani, Mangi.

Video ilipotoka mtandaoni, maneno yangu hayamo. Kuna sauti ya mtu mwingine juu ya picha yangu, inasema mimi ni yatima niliyefiwa na wazazi wote wawili, nikajilea kwa kuokota mabaki ya mboga sokoni.

Wa kwanza kuiona hakuwa mimi, alikuwa Mangi. Akatoka nje na simu yake. "Fundi, mbona huku wanasema umekufa?" Wateja wakacheka. Baba naye akacheka. Lakini nilipompelekea chakula mchana ule nilimkuta ameinamia cherehani, anapitisha mshono juu ya mshono aliokwisha kuushona. Akaniuliza taratibu, "Mama, nimekukosea nini?"

Jamani. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaenda kwa Madam. "Shikamoo Madam. Baba yangu yuko hai, naomba ile video iondolewe." Hata hakushtuka.

"Mdogo wangu, baba fundi cherehani hamlizi mfadhili. Sisi tunatafuta pesa za kuwasomesha ninyi. Unajua wangapi wanaililia nafasi yako?"

Nikamwambia basi nitawaeleza wafadhili mwenyewe. Akanitazama juu mpaka chini. "Waeleze. Halafu uwaeleze na wenzako kwa nini ufadhili umefungwa."

Nilidhani wenzangu watasimama na mimi. Wapi! Msichana mmoja akaniambia mama yake ametangazwa kuwa mlevi aliyemtelekeza, wakati ni mwanakwaya, hajawahi kuonja pombe. Na amenyamaza. "Sisi tuko mwaka wa mwisho," akaniambia. "Tafadhali usituharibie."

Sasa Jumamosi hii kuna hafla ya wafadhili katika hoteli moja kule Kivukoni. Safari hii wanataka nisimame mimi mwenyewe, niseme kwa mdomo wangu kwamba sina baba. Na mchana wake wageni wataletwa Kariakoo kuona mahali nilipokulia. Juzi ndiyo nikagundua Madam alimpigia baba simu, akamwomba siku hiyo asionekane pale kibarazani. Na baba amekubali! Kashamwomba Mangi amhifadhie cherehani ndani. Mangi, ambaye kumbe anajuta kwa ule utani wake, alimfokea: "Fundi, unajificha umeiba nini?" Baba akamjibu, "Mtoto asome."

Nililipuka. Nilimfokea baba yangu, kitu ambacho sijawahi kukifanya maishani. Kwa nini umekubali? Kwa nini hukumkatia simu? Wewe huna hasira? Akasubiri mpaka nikamaliza.

"Mama, sema tu nimekufa. Sitakufa kwa sababu wewe umesema. Ila ukirudi hapa kukaa na mimi kibarazani bila cheti, hapo ndipo nitakufa kweli."

Halafu akachukua tepu yake, akaniambia ninyooshe mikono, akaanza kunipima. Mangi ametoa kitambaa. Baba akanishonea gauni la kwenda nalo kwenye hafla ya msiba wake.

Nina hasira na Madam. Nina hasira na wasiotoa msaada wao mpaka kwanza mtu afe. Nina hasira na mimi niliyevaa zile ndala. Naomba msiniandikie "vumilia mdogo wangu, maliza chuo kwanza". Hilo baba ameshaniambia, na yeye ndiye mwenye haki ya kuniambia. Wala msiniambie nilipue tu kila kitu, kama hamtakuja kuwatazama usoni wale wenzangu ada zao zikikatwa.

Gauni limeisha jana. Ni la bluu, limenikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa, na baba amezunguka nyuma yangu akiligusagusa anatafuta kasoro, hakuiona. Sasa nishike maiki nikiwa nimelivaa, niwaambie watu aliyelishona hayupo duniani? Nishaurini jamani. Ingekuwa wewe, ungesema nini?