Baba yangu kalima kokoa Kyela maisha yake yote, Pasaka hii ndiyo kaonja chokoleti

Habari za jioni wakuu, na heri ya Pasaka kwa wale iliyowakuta safarini.

Ninachoandika hapa kimetokea nyumbani kwangu, Iringa mjini, Pasaka hii iliyopita. Wale wazee wa "hii chai", wanaoona kila stori ni ya kutunga, nawaheshimu sana, ila sijaongeza hata sukari. Pale nilipoonekana mjinga nimepaacha vilevile, na ni sehemu nyingi.

Mimi ni fundi friji. Mnyakyusa wa Kyela, nimeoa Mhehe wa Kalenga. Tuna binti mmoja anaitwa Atu, ana miaka minane na mdomo wa miaka arobaini.

Baba yangu yuko Kyela, analima kokoa tangu sijazaliwa.

Kwa wasiojua, kokoa ndiyo mbegu inayotengenezewa chokoleti. Kwetu tunazivuna, tunazivundika, tunazianika, lori linakuja, basi. Zikiondoka ndiyo zimeondoka.

Sasa mwaka huu Baba akasema Pasaka atakula kwetu. Atu akafurahi kupita kiasi.

Jumapili ya Matawi, mwalimu wao wa Sunday school akauliza kila mtoto ataleta nini kwenye kasherehe kao baada ya ibada ya Pasaka. Huyu akasema soda, yule bisi, yule maandazi. Binti yangu akasimama:

"Babu yangu analeta chokoleti. Anazilima."

Mama Atu aliponisimulia nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Atu akaja kunisimamia mbele:

"Baba, kwani Babu halimi chokoleti?"

Hapo mtu mwenye akili angemweleza mtoto taratibu. Mimi nikasema, "Analima mama. Akija tutatengeneza."

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "mkuu si ungenunua tu dukani?" Niliwaza hivyo pia. Lakini huyu mtoto anasoma karatasi ya kila kitu anachokula, mpaka tarehe ya kuisha. Na alishasema ni za Babu.

Alhamisi Baba akashuka stendi na kiroba cha mchele, mkungu wa ndizi, na mfuko wa kokoa kavu. "Nimemletea Atu azione," akasema.

Tumefika nyumbani, hata maji ya kunywa hajamaliza, Atu akamuuliza:

"Babu, unapenda chokoleti ya maziwa au ile nyeusi?"

Baba akanitazama mimi, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Mimi sijawahi kuila, mama."

Wakuu, nilijisikia vibaya. Miaka yote naenda Kyela nambebea mkate, sukari, sabuni, shati. Haikuwahi kunijia kichwani. Mtoto mwenyewe alinitazama kama vile nilikuwa namficha Babu yake chokoleti.

Ijumaa Kuu, tumetoka kanisani, nikaingia jikoni.

Nilikuwa nimeangalia video YouTube, dada mmoja anatengeneza vitu vya Pasaka vya chokoleti bila oveni. Unayeyusha chokoleti, unachanganya na biskuti zilizopondwa na maziwa ya kopo, unaviringisha, unaweka kwenye friji. Dakika kumi na tano kamaliza, na kucha zake safi.

Shida ni kwamba yeye anaanza na chokoleti. Mimi nina mbegu.

Nikasema hii si kama kahawa tu? Nikawasha gesi mpaka mwisho, nikamwaga mbegu kwenye kikaango, nikaanza kugeuza. Dakika chache jiko zima moshi. Mama Atu alikuwa anapumzika, katoka kwenye shifti hospitali, akaamka anauliza nani anaungua.

Nikazimenya hivyohivyo. Sasa kusaga. Kwetu kuna kinu kimoja kidogo, kazi yake ni vitunguu saumu vya pilau. Nikakiosha. Nikakiosha tena. Nikanusa, nikajiambia kiko sawa.

Nikatwanga, ikatoka kitu kama mchanga wa mto. Nikaweka sukari, maziwa ya kopo, nikaona kizito, nikaongeza maji. Msiongeze maji wakuu. Nimeshawaambia.

Nikampelekea Baba kwenye sahani. Atu kasimama pembeni yake, mikono nyuma. Baba akatafuna taratibu, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo Baba, ila bado sijai..."

"Ina kitunguu saumu."

"Kidogo."

"Na ni chungu."

"Imeungua kidogo, Baba."

Akameza. Yule mzee ana heshima, nadhani angekuwa mtu mwingine angetema. Akatoka nje akakaa kwenye benchi. Nilipomfuata akasema bila kugeuka:

"Miaka yote hii nilidhani ni kitu kizuri."

Hiyo sentensi, acha tu. Nilikuja kufanya mambo ya watoto na Pasaka, nikajikuta nimemharibia mzee kazi yake ya maisha kwa kijiko kimoja.

Ndani nikamsikia Atu anamuuliza mama yake kwa sauti ya chini kama mahindi ya bisi yapo. Nikajua mtoto ameshaanza kutafuta namna ya kunifichia aibu.

Jumamosi asubuhi, jirani yetu Mama Zuhura akaniita kwenye ua wa michongoma. Huyu mama ni Muislamu, kwao asili ni Pwani ila babu yake alizikwa hapahapa Iringa. Anauza siagi ya karanga sokoni, anaisaga mwenyewe kwa mashine ya mkono.

"Baba Atu, jana mlichoma tairi?"

Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Nilipofika kwenye maneno ya Baba, akaacha kucheka.

"Hebu nione hiyo mbegu."

Nikampa moja. Akaivunja kwa kucha, akaisugua kidoleni, akanionyesha kidole kinavyong'aa.

"Hii ina mafuta kama karanga. Kinu hakiiwezi, italainika kwenye mashine. Leteni kwangu mchana. Lakini ikaangwe na mtu mwenye utulivu, siyo wewe."

Nikarudi nikamwambia Baba. Mwanzo alikataa. Akasema mwacheni mtoto apeleke bisi, yeye hataki tena kuonja. Atu akaenda kukaa karibu naye pale benchi, akamwambia:

"Babu, mimi nilishawaambia wenzangu ni za kwako."

Baba akavuta pumzi, akainuka, akauliza kikaango kiko wapi.

Moto akauweka chini kabisa. Akazichagua mbegu moja moja kwanza, zilizosinyaa akazitoa. Akawa anageuza kwa mwiko. Nikamuuliza kama niongeze moto kidogo.

"Kuvundika tu tunavundika siku sita. Wewe unataka uzimalize kwa dakika tano?"

Baada ya muda maganda yakaanza kupasuka, ta, ta, ta. Akachukua moja, akaifikicha, ganda likatoka lenyewe. Hapo ndipo harufu ilipobadilika. Atu alikuwa nje, akaingia mbio.

"Inanukia chokoleti!"

Baba akageuka. "Kweli inanukia?"

"Ndiyo Babu! Hivyohivyo!"

Akainama akanusa tena, kwa muda mrefu. Angejuaje? Hakuwa na cha kulinganisha.

Mama Atu akashika ungo akapepeta maganda. Nisiwadanganye, mimi na ungo hatujuani, ila Mhehe wa Kalenga na ungo wake ni jambo la kukaa chini na kutazama.

Kwa Mama Zuhura tulipita mashineni mara nne. Ya kwanza ilitoka kama unga wa dona. Ya pili kama udongo wa kufinyanga. Ya tatu ikaanza kung'aa, Mama Zuhura akapiga kelele, "Mafuta hayo! Mzee, mafuta hayo!" Ya nne ikawa inateleza yenyewe kwenye bakuli. Baba ndiye alikuwa anazungusha mpini, amevua koti, jasho linamtoka, na hataki kupokewa.

Nikampa Mama Zuhura pesa kidogo ya shukrani, akaikataa. Akasema, "Mimi kwenye Idi mnakula pilau yangu bila kuulizana bei, sasa Pasaka ndiyo mniulize?"

Kwa wanaotaka resipi, ni hivi. Uji wa kokoa bakuli moja, sukari uisage iwe laini kwanza, maziwa mazito kopo moja, siagi vijiko viwili. Changanya vyote, pasha bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, maji yasiingie ndani hata tone. Ondoa motoni, weka biskuti pakiti mbili zilizopondwa na karanga za kukaanga. Ikianza kushikana paka mkono siagi, viringisha kama mayai madogo, zungushia unga wa maziwa. Oveni huna haja nayo.

Kisha friji. Hapa nacheka mwenyewe. Friji yangu ina miezi miwili haigandishi, kila siku natengeneza za watu. Mama Atu alinitazama tu. Tukayapanga kwenye sinia, tukaliweka stoo kwenye sakafu ya simenti. Iringa mwezi wa nne, na mvua ile, asubuhi yalikuwa magumu kama kokoto.

Jumapili baada ya ibada Atu alibeba lile sinia mwenyewe, hakutaka msaada. Watoto walikuwa kama thelathini, na mayai yalikaa kwenye sinia muda mfupi kuliko sala ya kuombea chakula.

Mwalimu wao naye alionja. Akauliza nani katengeneza. Atu akamwonyesha Babu yake aliyesimama mbali kidogo kwenye ngazi.

"Mzee, umetengeneza wewe?"

"Kutengeneza ni hawa, na mama mmoja jirani yao," Baba akasema. Akanyoosha koti. "Mimi nimelima."

Halafu nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe hajala. Tangu jana alikuwa anasema watoto kwanza. Nikatazama sinia, halina kitu, unga wa maziwa tu.

Atu akaingiza mkono mfuko wa gauni akatoa moja, limebonyea, limeshika nyuzi za mfukoni. Babu yake akalipokea kwa mikono miwili. Akang'ata nusu.

"Kokoa ndiyo ipi humu?"

"Hiyo nyeusi yote, Babu."

Akatafuna mpaka mwisho. Akamrudishia nusu iliyobaki, akamwambia, "Ndaga fijo, mama," yaani asante sana kwa kwetu. Kisha akatoa kitambaa, akajifanya anapenga kamasi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anatueleza habari za kuvundika kokoa. Huyu ni mtu wa maneno kumi kwa siku wakuu.

Jumatatu tukatengeneza mengine kwa mbegu zilizobaki. Jumanne akaondoka na kopo zima, akasema wenzake anaoanika nao lazima waonje. Fundi friji mimi, mtaalamu wa baridi, nikalifunga vizuri kabisa, nikasahau kwamba Kyela siyo Iringa, kule ni joto.

Kesho yake akapiga simu.

"Mayai yako yamefika Mbeya mazima. Kushuka Tukuyu bado mazima. Kyela nimefungua, ni uji."

Nikaomba msamaha. Nikasema Baba pole, basi mwaga.

"Nimwage nini? Tumechoma ndizi, tunachovya. Wazee sita. Niache, kopo linaisha."

Akakata simu.

Nilichojifunza wakuu: kama mzazi wako analima kitu kinachopakiwa kwenye lori na kuondoka, hakikisha siku moja ameonja mwisho wake. Na kinu cha vitunguu saumu kiheshimiwe mipaka yake.

Wa chai Mufindi, wa kahawa Mbozi, mje mseme wazee wenu waliionja lini. Wa pareto mnisamehe, ile ni dawa ya wadudu, msimpe mtu.