Wakadhani Naringa

Mtaani kwetu Timbwani mtu husamehewa mengi, lakini kutoitika salamu hakusameheki kirahisi. Mabinti waliniamkia shikamoo kwa nyuma, nikawaacha nayo mdomoni. Kina mama wa mlangoni waliniambia masalkheri, nikaenda zangu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuitwa kuimba kwenye hoteli za Nyali, maneno hayakuchelewa: amepata, anaringa.

Sikuwa naringa. Nilikuwa sisikii. Sikio la kushoto lilianza kufifia, la kulia nalo likaona wivu. Daktari alinipa vifaa vya kusikia, nikavificha chini ya ushungi. Nyumbani vilinifaa. Barabarani vilichanganya honi, upepo na watu, vikanipa uji mmoja.

Wallahi, niliona heri niitwe mwenye maringo. Mwimbaji mwenye maringo bado ni mwimbaji. Kiziwi nani atamwalika harusini? Taarabu ndiyo kazi pekee niliyoijua na kuipenda, na nilikuwa tayari kuchukiwa na mtaa mzima ili nisiipoteze.

Ikaja harusi moja hapo hapo mtaani. Mama wa bibi harusi akamwambia kiongozi wa kikundi chetu kwamba anawataka wote, isipokuwa mimi. Kiongozi huyo ndiye mpiga kinanda wetu, na ndiye aliyenilea katika kikundi tangu sijui hata kushika maikrofoni. Alikuja kwangu alasiri, akakataa kukaa.

"Watu wasema waringa, mwanangu. Mie nimekutetea hata nimechoka. Jana nimekwita sokoni, ukanipa mgongo. Hebu nambie, nimekukosea nini?"

Hasira yake ningeistahimili. Machozi yaliyomlengalenga ndiyo yalinishinda. Nikafungua ushungi, nikamwonyesha masikio.

Alivitazama vile vifaa. Kisha akaanza kucheka, akacheka hata akaketi sakafuni.

"Ni haya tu? Mie nilidhani wataka kutuacha!"

Nikacheka naye, nikalia, pumzi ikanishuka. Sikuwa nimejua kuficha kunachosha kiasi kile. Ndipo nikamuuliza lile lililokuwa likininyima usingizi: nitaimbaje sasa, na kinanda sikisikii vizuri?

"Kwani waimba kwa masikio? Pa kuingia nitakuonyesha kwa kichwa. Ukienda upogo, sauti ikaacha kinanda, nitakukunjia uso, na uso wangu waujua."

Kiongozi alimwendea mwenyewe mama wa bibi harusi. Sijui walizungumza nini, ila niliitwa.

Siku yenyewe kina mama walijaa uani na leso za sare mabegani. Kabla sijaanza, kiongozi wetu alinyakua maikrofoni. Nilikuwa ubavuni pake, nikamsoma midomo: "Huyu haringi, jamani, hasikii. Msihangaike na vigelegele. Akiwakonga nyoyo, inueni leso."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini kichwa chake kilikuwa tayari kimeinama kuniingiza, nikaingia. Niliimba macho yakiwa usoni pake, na uso ule haukukunjika hata kidogo. Ubeti ulipokwisha nikathubutu kugeuka.

Ua mzima ulikuwa leso, nyekundu kwa nyeupe, zikipepea juu ya vichwa. Na mama wa bibi harusi, yule yule aliyenikataa, alikuwa amepanda juu ya kiti, leso yake kaiinua kwa mikono miwili, asije akapitwa na macho yangu.