Godoro la Watu Wanne

Sindano ya kushonea magodoro ni ndefu na nene, inaitwa shazia, na fundi mmoja mwanamke aliichomeka kwenye kilemba chake kama wengine wanavyochomeka ua. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Shazia. Wenzake wa rika moja waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye miaka ilipita hana mtoto wa kuitwa kwa jina lake, basi watu wakampa sindano. Aliitika bila kununa, maana hakuwa mtu wa kulia mbele za watu.

Na kazi aliijua. Magodoro yake yalikuwa ya sufi, siyo haya ya sponji yanayobonyea kabla hujamaliza kuyasifia. Alichambua sufi kwa mkono mpaka isibaki mbegu hata moja, akashindilia pembe kwanza, katikati baadaye. Waliolala juu yake walisema ukiamka unakuwa umemsamehe hata mama mkwe.

Mumewe alikuwa kinyozi, mpole, asiye na haraka. Dada yake huyo kinyozi, ambaye kwa Mama Shazia ni wifi, alikuwa amekaa miaka mingi nchi nyingine akiuza nguo za mitumba, na lugha ya huko ilimtoka mdomoni kama maji. Ndiye aliyeleta habari. Kule kuna nyumba ya kulelea watoto, na ndani yake kuna kibinti kidogo kisicho na mtu.

"Kimya chake, wifi yangu, utadhani bi harusi," alisema. "Anakaa, anainamisha macho, anangoja aambiwe."

Tangu siku hiyo kibinti kikaitwa Bi Harusi ndani ya nyumba ambayo hakijaiona.

Wakaomba wapewe wamlee, mambo ya mahakama yakaenda kwa mwendo wake, hatimaye yakaisha. Likabaki jambo moja tu. Mlezi wa ile nyumba alitaka mtoto akae nao kwanza chumba kimoja, kulekule, amwone anavyokula na anavyolala. Akiridhika, waondoke naye. Asiporidhika, warudi walivyokuja.

Mama Shazia alifunga duka lake, akashona godoro dogo kuliko yote aliyopata kushona, la kitambaa cha mistari ya buluu, nene, laini, kiasi cha mtoto mmoja kamili. Akalikunja, akalifunga kamba, akalibeba.

"Watu wanasafiri na masanduku," wifi alisema yeye, kinyozi na mkewe wakipanda treni, "sisi tunasafiri na kitanda!"

Mkata tiketi naye akasimama, akalitazama lile furushi refu lililolazwa kwenye kiti. "Na huyu ana tiketi?"

"Huyo mgonjwa, baba," wifi akamjibu. "Usimwamshe."

Treni ilikwenda kama mtu anayewaza. Dirishani vilima vilikuja, vikawatazama, vikaenda zao. Mama Shazia aliegemeza kichwa kwenye godoro, usingizi ukamchukua nusu, nusu ukamwacha. Akamwona mtoto amelala katikati ya weupe mpana usio na mwisho, peke yake, hakuna wa kumsumbua. Akaona raha. Alipozinduka walikuwa wameshavuka mpaka, na hata mbao za matangazo njiani hakuweza tena kuzisoma.

Chumba walichopanga kilikuwa ghorofani, juu ya watu wanaooka mikate. Joto la tanuri lilipanda mpaka kwenye sakafu, ukivua viatu nyayo zinapata faraja, na harufu ya mkate ilikaa chumbani kama mgeni wa tano. Kulikuwa na kitanda cha chuma, pazia jeupe na feni ya darini inayozunguka polepole. Mama Shazia akatandika godoro lake katikati ya sakafu, akalipigapiga, akarudi nyuma kulitazama. Hata mwenyewe alijikubali.

Mtoto alikuja ameshikwa mkono na wifi. Kichwa kimenyolewa, gauni la manjano, macho makubwa. Alilizunguka godoro kama mtu anayekwepa dimbwi, akaenda mpaka ukutani, akakaa chini.

Hakulala. Alikula kidogo, akanywa maziwa, akaruhusu kinyozi amfunge kamba za viatu. Ila kulala, hapana. Wakimlaza kwenye godoro ananyanyuka. Wakimweka kitandani anateremka. Anarudi palepale ukutani, anasinzia kidogo, mara anashtuka. Wifi akamwimbia kwa lugha ya kwao, ikawa bure. Kinyozi akavuma wimbo anaowavumia wateja akiwanyoa, akasinzia mwenyewe.

Mlezi alipopita kuwatazama, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alimkuta mtoto macho mekundu kama aliyeingiwa na moshi. Alisema maneno machache kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?" Mama Shazia akauliza.

Wifi, yule asiyekosa jibu, akatazama pembeni. "Anasema mtoto asiyelala bado hajafika. Atarudi kesho alasiri. Akimkuta hivi, atamchukua."

Miaka yote ile Mama Shazia aliwalaza watu wasiohesabika, wagonjwa, maharusi, wazee wenye mifupa mibovu. Sasa mmoja tu, aliyemtaka kuliko wote, hawezi kumlaza.

Akaketi sakafuni mbali kidogo na mtoto, akawa anamtazama. Mtoto akasinzia, ubavu wa kushoto umegusa ukuta. Mkono wake wa kulia ukatoka polepole, ukapapasa sakafu, ukapapasa tena, haukukuta kitu. Mtoto akafumbua macho.

"Wifi," Mama Shazia akanong'ona, "kesho nipeleke kule kwao, saa ile watoto wanapolala mchana."

Kinyozi akabaki na mtoto, wao wakaenda. Walichungulia dirishani. Ndani kulikuwa na kimya cha kupumua tu. Godoro moja jembamba na refu lilitandikwa toka ukuta huu kukaribia ule, na watoto wamepangana juu yake, bega kwa bega, kama vidole vya mkono. Mwisho kabisa, ukutani, palikuwa na pengo la mtu mmoja. Mtoto aliyefuata alikuwa amelala usingizi mzito, na mkono wake ameuweka juu ya lile pengo.

Njia nzima Mama Shazia hakutamka neno.

"Umemeza nini, wifi?"

"Nimeshona kisiwa," akajibu. "Mtoto wa watu nimemshonea kisiwa."

Walipofika chumbani alivuta godoro, akachukua mkasi, akatia kwenye mshono.

"Mke wangu!" kinyozi akaruka. "Hilo godoro hata mimi ulinikataza kulikalia!"

"Lete shuka zile mbili. Na uzime feni."

Feni alisahau. Mshono ulipofunguka, sufi ikapumua, ikatoka, ikapaa. Chumba kikajaa mawingu madogo yanayozunguka taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Ikamkaa kinyozi kwenye nyusi na ndevu, akazeeka papo hapo.

"Haya, babu," wifi akamwambia, "shikamoo!"

Ndipo wakasikia sauti ambayo hawakuwahi kuisikia. Mtoto alikuwa amesimama, mikono juu, anadaka sufi, anacheka. Alidaka tonge moja, akalitazama, akaja nalo mpaka kwa Mama Shazia, akaliweka mkononi mwake. Kisha akaenda kuleta jingine.

Wakafanya kazi hivyo. Mtoto anakusanya, kinyozi anashikilia shuka, wifi anatoa amri ambazo hakuna anayezifuata, na shazia inaingia na kutoka, inaingia na kutoka. Godoro lililokuwa nene likawa jembamba, lililokuwa fupi likawa refu. Mshono ulikwenda upande, vifundo havikulingana. Ilikuwa kazi ambayo siku nyingine angemfukuza mwanafunzi wake kwa kuifanya.

Wakalitandika mpaka ukutani. Mtoto akajilaza mahali pake bila kuambiwa. Akafuata Mama Shazia, akafuata kinyozi, na mwisho wifi, akilalamika.

"Mimi na umri huu nalala chini kama mwanafunzi wa bweni!"

"Dada, kimya."

"Miguu yako inanuka."

"Dada!"

Joto la tanuri likapanda. Pazia likajaa upepo, likatulia. Mama Shazia alilala macho wazi, hata kumeza mate aliogopa. Mkono mdogo ukatoka, ukapapasa, ukamkuta. Ukamgusa kiwiko, ukapanda mpaka begani, ukatua. Pumzi ya mtoto ikawa ndefu, kisha ikawa nzito. Bega likamfa ganzi. Angemwachia lote.

Hakujua muda gani ulipita, wala kama alikuwa macho au ndotoni, aliposikia funguo zikigongana mlangoni. Mlezi aliingia. Alitazama kinyozi anayekoroma, wifi aliyefunua mdomo, sufi iliyotapakaa kila mahali, na mtoto ukutani. Alitazama kwa muda mrefu. Mama Shazia akataka kuinuka amkaribishe. Yule mama akaweka kidole midomoni, akatikisa kichwa: usiinuke. Akazishika funguo zake kwa mikono miwili zisilie, akatoka kinyumenyume, akavuta mlango. Hapo hakuhitajika mkalimani.

Wakarudi kwa treni ileile. Mkata tiketi aliwatambua. "Mgonjwa wenu amekonda!" alisema, akionyesha godoro.

"Amejifungua," wifi akamwambia.

Lile godoro lipo mpaka leo, na mshono wake mbaya. Wateja wakiuliza bei wanaambiwa haliuzwi. Na mtoto alipojifunza kusema lugha yao, akisikia mtaa mzima ukiita Mama Shazia, siku moja akauliza, "Shazia ni dada yangu? Yuko wapi?"

Mama Shazia akachomoa sindano kwenye kilemba, akamwonyesha. "Huyu hapa. Ndiye mkubwa wako."

Kibinti akaitazama, akapiga magoti kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, dada."