Foleni ya Picha za Kisiwani

Kazi ya Seon-hwa wa Jeonju ilikuwa kuingia kwenye kompyuta za watu kwa mtandao na kuwahamishia mafaili, bila kukanyaga nyumbani kwao. Yeye yuko jikoni kwake, soksi mbilimbili miguuni, mshale unatembea kwenye skrini ya mtu kisiwani. Subira na binadamu hana, muulize mumewe. Lakini mafaili yakishapanga foleni, haondoki mezani mpaka la mwisho livuke, na chai yake hupoa kila siku.

Asubuhi hiyo alipigiwa simu na bibi Geum-rye, mjane wa mpiga picha wa kisiwani. Diski ya kompyuta ya studio ilikuwa inagonga kama inayokaribia kufa, na picha elfu nne zilitakiwa ziende kwa bintiye aliyeko Incheon. Seon-hwa alisikia ule mlio akajua hazitafika zote. Akamwambia hivyo hivyo bila kupaka sukari: achague za kutangulia.

Alidhani ataambiwa za harusi yake. Bibi akataka za wazee wa kisiwa, sitini na mmoja, ambao marehemu mumewe aliwapiga bure wakiwa wazima, wamevaa wakapendeza, ili siku ya msiba isikosekane picha ya kuweka mbele ya maua.

"Zetu ziweke nyuma, mwanangu. Mimi wangu nimeshamzika. Hawa bado wanangoja zamu."

"Na mumeo, mlimwekea picha gani?"

"Ya kitambulisho, imefifia. Kamera alishika yeye, nani angempiga?"

Seon-hwa akazipandisha juu ya foleni. Kabla ya kila mzee kulikuwa na faili lililoandikwa "jaribio". Mazoea ya kazi ni kuondoa takataka kwanza. Alishayateua yote ya jaribio, kidole kiko tayari kufuta, ndipo akafungua moja ili ahakikishe. Mwanamume alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile walichokalia wazee, anacheka.

"Mama, mzee wako alikuwa na kovu juu ya nyusi?"

"Alianguka na baiskeli. Umejuaje?"

"Akipima mwanga, kamera alikuwa anabonyeza nani?"

"Mimi," bibi akasema. "Anakaa pale, ananiambia nibonyeze, halafu ndiyo tunamwita mwenye picha. Nilidhani anazifuta."

Seon-hwa hakungoja ruhusa. Aliziacha picha za jaribio, kila moja mahali pake, mbele ya mzee wake, akakaa kuitazama foleni ikipungua. Wazee walivuka wote. Kisha diski ikakata roho, na harusi ikabaki humo humo. Alimweleza bibi huku analia, wala hakujificha.

"Za mume wangu zimefika ngapi?" bibi akauliza.

"Sitini na moja."

"Anacheka kwenye zote?"

Seon-hwa akaingia kwenye kompyuta ya Incheon, akazifungua moja baada ya nyingine, bibi akimsubiri kwenye simu.

"Zote, mama. Na kwenye zote anakuangalia wewe."