Fundi Bomba Aliyebembeleza Tone

Koki ya jikoni kwa Mama Matone inavuja tangu kitinda mimba wao ananyonya, na kitinda mimba huyo sasa anafuga ndevu. Msishangae, mume wake ni fundi bomba. Mganga hajigangi. Hakuna nyumba mtaani ambayo mzee huyo hajaziba bomba lake, ndiyo maana wanamwita Mzee Koki. Enzi zake, sikia tone kwako usiku, asubuhi yuko mlangoni na spana. Kwake mwenyewe? Kesho. Na hiyo kesho yake haijafika hadi leo.

Mkewe sasa, kwa uchokozi wa dunia tu, anaishi kwa matone. Ana banda lake la plastiki nyuma ya nyumba, humo analima pilipili hoho bila udongo. Kila mche umekaa kwenye mfuko wa makumbi ya nazi yaliyosagwa, na kila mche una dripa yake, kijidude chenye tundu dogo kama la sindano, kinachoudondoshea maji yenye mbolea. Tundu likiziba, mche hauna udongo wa kukopa maji. Jua likiwa kali, kufika alasiri umeinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.

Kwa hiyo kazi kubwa ya Mama Matone ni kuhakikisha matundu hayazibi. Chujio analifua kila asubuhi kama nepi. Pipa la maji analifunika gubigubi, mwanga usiingie ukoga wa kijani ukaota. Ncha za mipira anazifungua, maji yatoke kwa kasi na taka zake. Halafu kuna mapipa mawili ya mbolea, la bluu na la njano, ambayo anayaita wake wenza. La bluu lina mbolea ya kalsiamu, la njano lina zile nyingine. Kila mmoja ana nyumba yake na mpira wake, na wanakutana kwenye maji mengi tu, ambako hawana nguvu ya kugombana. Wakikutana wazito, wanagandiana, na machicha meupe yanayotoka hapo hayapiti kwenye dripa hata uyapigie magoti.

Magoti! Ndiyo yaliyogoma kukunjika yakamstaafisha Mzee Koki, na balaa likaanzia hapo. Mtu aliyezoea kuamka na mkoba wa vifaa, sasa akawa anaamka na mkewe. Anamfuata bandani, anaingiza pua kila pembe.

"Mama watoto, bomba linalodondosha ni bomba bovu."

"Na mume anayeongea asubuhi nzima je?"

Tuseme ukweli: Mama Matone alilipenda banda lile kwa sababu hoho hazimjibu. Hapo ndipo alipokuwa anapumua. Mwezi mzima akawa anatafuta kisingizio cha kumrudisha mzee kwenye redio yake, na kisingizio hakipatikani.

Mara binti yao akajifungua, mama mtu ikabidi aende akalale huko siku moja. Na hoho ndiyo kwanza zimechanua!

"Wake wenza usiwaguse," akamwambia mumewe mlangoni. "Mche mmoja tu ukinifia, baba watoto, humu hutii mguu tena."

"Mimi? Na umri wote huu nilioshika mabomba?"

"Hicho ndicho kinachonitisha."

Basi aliporudi kesho yake mchana, jambo la kwanza aliloliona bandani ni kiungo kipya, kimefungwa safi, hakivuji hata chembe. Kimeunganisha pipa la bluu na la njano. Mapipa mawili, mipira miwili, koki mbili; mzee wa watu kaona huo ni ubadhirifu, akawaweka wake wenza chumba kimoja. Mama Matone akafungua chujio, akakuta uji mweupe. Katikati ya mistari ya miche limesimama birika lao la chai, limejaa maji. Miche ya mbele imelowa, mstari wa nyuma umelala.

Hasira zikampanda hadi kwenye nywele. Halafu, Mungu amsamehe, akafurahi. Kisingizio kimekuja kwa miguu yake! Akaanza kuonja maneno mdomoni, vidonge vya kumpa mzee, akanyata kumtafuta.

Akamkuta nyuma kabisa. Mzee Koki kapiga magoti, yale yale yasiyokunjika, pini mkononi, sharubu zimejaa ule uji mweupe. Anachokonoa dripa, anaipuliza, anaibembeleza.

"Dondoka, mama. Tone moja tu. Dondoka, nisifukuzwe."

Mama Matone akajiziba mdomo kwa mtandio, akacheka hadi mbavu zikamuuma. Mzuia matone wa mtaa mzima! Kisha lile neno la mwisho likamfikia, kicheko kikakata. Kumbe alijua. Mwezi mzima, mzee alijua anatafutiwa mlango wa kutokea.

Akarudi mlangoni kimyakimya, akakohoa kwa nguvu. Mzee akainuka kwa kushikilia nguzo.

"Wake wenza hawajambo?"

Mzee akatazama chini. "Mmoja kamla mwenzake."

Vile vidonge vilikuwa ncha ya ulimi. Vikakataa kutoka.

"Haya, ng'oa hicho kiungo kwa mkono ule ule uliokifunga," akasema. "Kisha chomoa dripa zote, zitie kwenye ndoo ya siki, iyayeyushe machicha. Birika nishike mimi."

Wakafanya kazi hadi jua likazama, wakiacha kila kitu ila kubishana. Miche ya mbele ikapona. Mstari wa nyuma ulikufa wote, na Mzee Koki alisimama mbele yake akingoja hukumu.

"Nilisema mche mmoja ukifa," Mama Matone akasema. "Mstari mzima hatukuuzungumzia. Kesho mapema uje, kufua chujio ni kazi yako."

Walipokaa jikoni jioni ile, koki ikaanza uchokozi wake: to, to, to. Kwa aibu, mzee akanyoosha mkono kwenye mkoba, akatoa spana.

"Rudisha hiyo," mkewe akamwambia. "Leo kutwa, hilo ndilo tone pekee lililodondoka bila kupigiwa magoti."