Yai la Kunywa

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi yangu mwishoni mwa miaka ya hamsini, kovu la kuungua likiwa bado bichi mkononi mwake. Kabla ya hapo alikuwa amelazwa hospitali Mbeya, na kidonda kilikataa kufunga.

"Ngozi mpya hujengwa na chakula," muuguzi alimwambia, akimpa yai la kuchemsha. "Kula."

Mama mkwe wake akalifunika yai kwa kiganja. "Kwetu mwanamke hali yai. Atazaa watoto vipara."

"Mimi nakula, mama, na wanangu nawachana nywele kila asubuhi."

"Wachane tu. Huyu ni mke wa mwanangu. Dawa zenu anakunywa, nimekataza?"

Muuguzi akapasua yai jingine, bichi, akalikoroga kwenye maziwa ya moto.

Mama mkwe akachungulia kikombe. "Hili anakula?"

"Anakunywa."

"Basi anywe." Akamshikia kikombe yeye mwenyewe, na hakuacha kumnywesha kila siku mpaka kidonda kilipofunga.

Sisi tunaopigana na miiko kwa hotuba ndefu, pengine tungebadili kitenzi tu.

Muuguzi na mama mkwe wamekwishafariki. Shangazi yupo Rujewa, mzima, na hadi leo yai hali, hulinywa.